Maneno Kumi na Mawili

Jumamosi, 2 Novemba 2024. Kalangalala, Geita

Mvua ya kwanza imenyesha leo asubuhi, kidogo tu, ya kutuliza vumbi. Daftari la zamani limejaa, naanza hili, na kama kawaida naanza kwa nia njema ya kuandika kila siku. Tutaona.

Leo ilikuwa zamu ya kina mama wa mwaloni kuja hapa kwenye duka langu la steshenari. Ni wanawake ishirini na wawili wanaoponda mawe ya dhahabu kwa nyundo na kuyaosha huko mwaloni, na dada yangu Ritha, Mama Edward, ndiye mwenyekiti wao. Zamani akiba yao ilikaa kwenye sanduku la mbao lenye kufuli tatu, na funguo zilishikwa na wanawake watatu, ili asiwepo wa kulifungua peke yake. Mwaka juzi mwizi hakuhangaika na kufuli, alibeba sanduku zima. Ndipo mimi, msomi wa familia, nikawashawishi waweke akiba kwa dola za mtandaoni, ndani ya programu inayokopesha watu na kuwapa waweka akiba faida. Jina lake la Kizungu linawashinda, wanaiita Ghala.

Walikubali kwa sharti moja. Pochi ya mtandaoni hufunguliwa kwa maneno kumi na mawili ya siri, na wao wakayagawa kama walivyokuwa wamegawa funguo. Manne yako kwa Ritha, manne kwa Mama Hosiana, manne kwa Mama Marwa. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi wanakuja, kila mmoja anaandika manne yake kwenye simu ya kikundi huku wengine wametazama ukutani, wanaweka hela, kisha wanafuta kila kitu. Hata mimi hugeuka. "Geuka, Mwalimu," Mama Marwa huniambia kila mara, kana kwamba nitasahau. Mwalimu ni jina walilonipa tangu niwafundishe kutumia pochi. Jina lake hasa ni Bhoke, mtu wa Tarime, ana miaka hamsini hivi na mdomo mkali. Sijawahi kumpenda sana.

Mwishoni mwa Januari watanunua karasha, mashine ya kusaga mawe, waachane na nyundo. Mzee Ngassa wa kule Bulyanhulu anauza lake na amekubali kuwasubiri.

Jumanne, 5 Novemba

Jua kali. Kopi za vyeti na picha za pasipoti. Basi.

Ijumaa, 8 Novemba

Mama kapiga simu kutoka kwetu Mhunze. Mvua kwao hakuna, ng'ombe wamebaki mifupa. Kaniuliza kama nimeolewa. Nikamwambia nitampigia.

Jumatano, 13 Novemba

Sijaandika kuhusu kazi yangu ya pili, na bila hiyo daftari hili litakuwa la uongo. Steshenari inanilisha, lakini kinachoniamsha asubuhi ni kuwinda kasoro. Wenye programu za fedha za mtandaoni hutangaza zawadi: ukigundua tundu ambalo mwizi angeweza kupitia, ukawaandikia kimyakimya kabla mwizi hajaliona, wanakulipa. Nimelipwa mara mbili ndani ya miaka mitatu. Zawadi ya pili ndiyo iliyonunua mashine hii ya kopi.

Sasa Ghala wametoa toleo jipya, na zawadi imefika dola elfu hamsini kwa kasoro kubwa. Nimeanza kuisoma programu yao mstari kwa mstari. Najiambia naisoma kwa ajili ya kina mama. Dola elfu hamsini nazo sijazisahau.

Jumatatu, 18 Novemba

Mvua kubwa. Umeme hakuna. Hakuna.

Jumapili, 24 Novemba

Nimelipata.

Nimekosa misa, nimekosa chakula. Niliandike taratibu, ili nikilisoma wakati mwingine nijue sikuota.

Ukitaka kukopa Ghala, lazima uweke rehani sarafu nyingine yenye thamani zaidi ya mkopo. Programu inapima thamani ya rehani kwa kuuliza bei. Toleo la zamani liliuliza masoko mengi. Toleo jipya, kwa sarafu moja ndogo, linauliza soko moja tu, tena mara moja, na kuamini. Ni kama mnunuzi wa dhahabu hapa mjini amuulize bei mtu mmoja aliyesimama mlangoni, kumbe ni kaka wa muuzaji. Mwenye hela nyingi anaweza kuipandisha bei ya pale kwa dakika moja, akaweka rehani takataka, akakopa kila kilichomo, akaondoka. Nimeijaribu kwenye kompyuta yangu, kwenye nakala isiyo na hela za watu. Ghala zima lilibaki tupu mara tatu mfululizo.

Nimefurahi mpaka nimeogopa. Kisha nikakumbuka hela za nani zimo.

Jumatatu, 25 Novemba

Ripoti nimeituma saa nne asubuhi. Kurasa tisa, pamoja na jaribio lenyewe.

Alhamisi, 28 Novemba

Wamejibu. Wananishukuru kwa mistari miwili, kisha masharti kurasa mbili. Nisimwambie mtu yeyote mpaka watengeneze. Nisiguse fedha yangu wala ya ndugu yangu kwa kutumia nilichokijua. Nikivunja hata moja, zawadi hakuna.

Nimekubali. Ni masharti ya kawaida, na yana maana yake: neno likivuja, mwizi anasikia.

Jumamosi, 30 Novemba

Kimya. Mvua kila siku. Maduara, mashimo ya wachimbaji, yameanza kujaa maji, mawe hayafiki mwaloni, kina mama wanakaa chini ya turubai wanasukana nywele.

Jumatano, 4 Desemba

Nimewaandikia tena. "Bado tunachunguza." Siku tisa wanachunguza kitu nilichowaonyesha kwa kidole.

Jumamosi, 7 Desemba

Leo walikuja. Wote watatu walikuwepo, na maneno yote kumi na mawili yalikuwa ndani ya chumba changu.

Niliamka nimeamua kuwaambia watoe kila kitu. Sio lazima kueleza, ningesema tu, "Tutoe, tuweke pembeni mpaka Januari." Ritha angeniuliza kwa nini, ningemwambia aniamini, na angeniamini. Nilikuwa nimeipanga mpaka sentensi.

Wakaingia wakiwa wamelowa. Mama Hosiana akanitania, "Mwalimu umekonda, nani anakunyima usingizi?" Wakacheka. Nikawapa kiti. Mama Marwa akasema, "Geuka, Mwalimu." Nikageuka. Nikatazama kalenda ya ukutani huku nasikia vidole vyao kwenye kioo, na nikawaza: nikisema, zawadi imekwenda. Dola elfu hamsini. Kiwanja, nyumba, matibabu ya macho ya mama, karasha lao lenyewe ningelinunua mimi na chenji ikabaki. Siku chache tu, watatengeneza.

Hawakutoa. Waliongeza. Niliwasaidia kuweka hela zaidi kwenye tundu ninalolijua mimi, kisha nikawafutia pochi kwenye simu kama kawaida.

"Wabeja, Mwalimu," Ritha akanishukuru akitoka.

Nimejaribu kujisafisha hapa kwa hoja nzuri: masharti, usiri, hatari ya kuvujisha. Ghala lina mamilioni ya dola. Elfu tisa na mia sita za kina mama wa Geita zikitoka, hakuna ambaye angegeuza shingo. Naandika hivyo ili nisijidanganye. Nilinyamaza kwa sababu ya zawadi.

Alhamisi, 12 Desemba

Mama Marwa amefiwa na kaka yake, ameondoka leo kwenda Tarime. Nimechangia msiba. Kipande chake cha karatasi chenye yale maneno manne kinatembea naye, anakishona ndani ya mkanda wa sketi.

Jumanne, 17 Desemba

Ghala wamejibu. Wameshusha daraja. Wanasema kasoro ni "ya wastani", kwamba hakuna mtu mwenye akili atakayetumia hela nyingi hivyo kuipandisha bei, na kwamba wataitazama baada ya sikukuu. Wakaniuliza kama ningependa fulana yenye nembo yao.

Nimepiga meza mpaka mteja akashtuka.

Ijumaa, 20 Desemba

Tangu asubuhi kuna mtu anajaribu. Nimemwona kwenye kumbukumbu za wazi za miamala, ambazo yeyote anaweza kuzisoma. Anaipandisha ile bei kidogo, anaishusha, anapandisha tena. Anapima kina. Nimewaandikia Ghala mara nne. Jibu la mashine: ofisi imefungwa mpaka Januari.

Nikamkimbilia Ritha mwaloni, nimelowa chapachapa. Nikamwambia tutoe hela leo. Akaniuliza kuna nini. Nikasema nina wasiwasi tu. Dada yangu ni mtu mwepesi wa kuamini, na leo nilimchukia kwa hilo. Alitoa karatasi yake palepale, akamwita Mama Hosiana, naye akatoa yake. Manne na manne. Yakabaki ya Tarime.

Nikapiga.

"Shikamoo, Mama Marwa. Poleni na msiba."

"Marahaba. Tumeshapoa. Sema."

"Mama, naomba yale maneno yako manne. Nina Mama Edward hapa na Mama Hosiana. Ni dharura."

Nilisikia watu nyuma yake wakiimba.

"Wewe nani?"

"Mimi Paskazia. Mwalimu."

"Mwalimu alitufundisha tusiyataje kwenye simu. Alisema hata akipiga yeye mwenyewe. Hata akipiga analia."

"Mama, ni mimi kweli. Na kweli nalia."

"Basi sema dharura gani."

Ritha na Mama Hosiana walikuwa wananitazama. Ningeweza kusema hapohapo. Zawadi yenyewe ilikuwa imeshageuka fulana. Lakini kusema tundu lipo kungemaanisha kusema tangu lini ninalijua.

"Siwezi kusema kwenye simu, mama."

"Na mimi siwezi kusema kwenye simu. Kesho tunaanua matanga. Jumapili napanda basi."

Akakata. Ritha akajaribu, akajibiwa vilevile, kwamba sauti ya mtu siku hizi inaigizwa. Nani aliwaambia hivyo? Mimi. Mwezi Machi, nimesimama mbele ya duka hili, nimejaa majivuno, nawakaririsha wote ishirini na wawili.

Jumamosi, 21 Desemba

Saa saba na dakika kumi na mbili mchana. Nilikuwa natoa kopi ya cheti cha ubatizo. Kwenye kompyuta nikaona ile bei inapanda, ikapanda tena, na ndani ya muamala mmoja Ghala zima likatoka. Yale yale niliyoyaandika kwenye ukurasa wa sita wa ripoti, kwa mpangilio uleule.

Nikamalizia kopi. Nikamrudishia mteja chenji. Kisha nikafunga duka na kukaa sakafuni.

Jumapili, 22 Desemba

Mama Marwa alitimiza ahadi. Alishuka stendi akaja moja kwa moja, sketi ina tope mpaka magotini, hajanywa hata maji. Wenzake wawili walikuwa wameshafika. Sikuwa nimewaambia. Nilikuwa na siku nzima ya kuwaambia na sikuwaambia.

Akafumua uzi wa mkanda kwa meno. "Geuka, Mwalimu." Nikageuka.

Nikasikia Ritha anasema, "Mbona sifuri?" Akarudia. "Paska, njoo uangalie, mbona sifuri?"

Nikawaambia programu imeibiwa jana, na mwizi yuko ng'ambo, na hakuna anayemjua. Mama Hosiana akakaa chini akaanza kulia kwa sauti kama yuko msibani. Ritha alikuwa anaibonyeza simu, anaifunga, anaifungua. Mama Marwa peke yake hakulia. Alinigeukia akasema, "Ijumaa ulijua."

Nikasema, "Nilikuwa na wasiwasi tu, mama."

Jumatano, 25 Desemba

Krismasi. Sikwenda kanisani. Ritha hakuniletea wali.

Jumamosi, 28 Desemba

Ghala wametoa tangazo. Wanasema shambulio lilikuwa la aina mpya na hakuna aliyewatahadharisha. Kwa mwizi wameandika barua ya wazi ya heshima: arudishe fedha, abaki na sehemu ya kumi, hawatamshtaki, na watamhesabu kuwa mtafiti wa usalama. Sehemu hiyo ya kumi ni zaidi ya dola milioni. Yeye mtafiti. Mimi fulana.

Hajawajibu mpaka sasa.

Jumamosi, 4 Januari 2025

Kikao cha kikundi, chini ya turubai mwaloni, mvua inapiga mpaka watu wanasemeshana kwa kelele. Niliitwa nieleze. Nikaeleza wizi, sikueleza ripoti.

Wengine walinielewa, wengine hapana. Mama mmoja akauliza, "Huyo wa ng'ambo, sisi wa Geita alitujuaje?" Mwingine akasema maneno yalikuwa kwa watu watatu, na wawili walitoa yao siku ile bila kusita, mmoja akakataa, na kesho yake hela zikaondoka. Hakutaja jina. Hakukuwa na haja.

Mama Marwa akasimama.

"Nilikataa kwa sababu ndivyo tulivyoapishana hapahapa. Na mniulizeni vizuri. Mwalimu alinipigia siku moja kabla ya wizi, analia. Muulizeni yeye, alijuaje?"

Wote wakanigeukia. Nikaona uso wa Ritha. Ritha alijua kuwa sikuwahi kumpa sababu, na nilimwona anaanza kuelewa. Naye ndiye aliyenisaidia. Alisema haraka, "Ilikuwa habari ya dola. Si dola ilikuwa inashuka? Sote tulisikia redioni inashuka."

Nikasema, "Ndiyo. Dola ilikuwa inashuka."

Kweli ilikuwa inashuka. Ndiyo ubaya wa uongo ule, kila mtu aliusikia redioni.

Baada ya hapo kelele zilikuwa za kwao. Mtu akasema aape. Mama Marwa akauliza, "Niape kwa nini, wakati nimewaambia na hamkuniamini?" Karai lake na nyundo yake vikarushwa nje kwenye matope. Mtu akaropoka kwamba watu wa kwao ndivyo walivyo, na wanawake niliowajua tangu nikiwa na miaka kumi wakaitikia kwa makofi. Mama Marwa akainama akaokota karai, akalikung'uta, akaokota nyundo, akaondoka bila kukimbia.

Nilikaa. Niandike vizuri: nilikuwa kwenye kiti cha mbele, kiti cha mgeni, na nilikaa.

Jumanne, 7 Januari

Mama Marwa alikuja kutoa kopi za barua ya uhamisho wa shule ya mwanawe Marwa. Kopi mbili. Nikamwambia asilipe. Akaweka mia mbili mezani, akazisubiri kopi zake amesimama, akaondoka. Nilidhani atanitukana. Ningepona kidogo kama angenitukana.

Alhamisi, 9 Januari

Wamehama, yeye na mwanawe. Jirani anasema walipanda basi la alfajiri.

Jumatatu, 13 Januari

Ghala wameniandikia wenyewe, safari hii mtu mkubwa, mwenye adabu nyingi. "Tumepitia upya" ripoti yangu ya tarehe 25 Novemba. Wako tayari kunipa dola elfu kumi, papo hapo, kwa sharti kwamba nitie saini ya kutosema popote, kwa yeyote, kwamba niliwaandikia kabla ya wizi.

Elfu kumi. Za kina mama zilikuwa elfu tisa na mia sita. Nimezunguka na hilo siku nzima. Nikikataa, naweza kutangaza ukweli, na kina mama wanabaki na nyundo zao. Nikikubali, wanapata hela zao, wanapata karasha lao, na ukweli unabaki kwangu.

Jumanne, 14 Januari

Nimetia saini.

Jumamosi, 18 Januari

Niliwapelekea hela taslimu, nimezibadilisha mjini. Nikawaambia wenye Ghala wamerudisha. Walipiga vigelegele mpaka wanaume wa maduara wakaja kuangalia. Mama Hosiana alinikumbatia akanilowesha bega.

Nikadhani nitajisikia nimepumua. Kisha Mama Hosiana akainua mkono kunyamazisha watu.

"Jamani, tuseme ukweli. Kampuni ya Kizungu irudishie mwanamke wa mwaloni hela? Lini? Huyu ni Bhoke. Tulivyomfukuza kaona aibu, karudisha kwa mlango wa nyuma, na Mwalimu kwa upole wake anamsitiri."

Wakaitikia wote. Ilikuwa wazi kwao kabisa.

Nikasema, "Hapana. Si yeye. Nawaapia si yeye."

Wakanitazama kwa upendo. "Si mnaona?" Mama Hosiana akasema. "Anamsitiri."

Nilizirudisha hela, na hela zilezile zimemfanya mwizi. Kabla ya leo walimshuku. Leo wana uhakika.

Jumapili, 19 Januari

Nimemwambia Ritha. Yote: tarehe 24 Novemba, zawadi, Jumamosi ile ya tarehe saba Desemba, saini. Tulikuwa jikoni kwake, anachambua maharage. Hakuacha kuchambua.

"Nilijua kuna kitu," akasema.

"Dada, nataka niwaambie Jumamosi."

"Utapata nini? Hela zimerudi. Karasha linakuja. Ukisema, watasema na mimi nilijua. Wataniondoa, wataivunja hiyo mashine kwa ugomvi." Akatupa jiwe dogo dirishani. "Mama Marwa kwao ni mbali. Hayasikii haya."

"Lakini unajua hakuiba."

"Paska, mdogo wangu. Kunyamaza si ulianza wewe?"

Huyu ndiye dada aliyenilea Mhunze kabla hatujahamia huku, aliyenichapa nilipookota shilingi ishirini ya watu nikaificha. Nilimsaidia kuchambua maharage mpaka yakaisha.

Jumatano, 22 Januari

Mvua. Kopi kumi na nne.

Jumamosi, 25 Januari

Karasha limefika. Wamelifunga chini ya turubai, linanguruma, vumbi jeupe kila mahali. Wakafanya kikao kifupi. Nafasi ya Mama Marwa ilikuwa wazi, na wamejaza. Sasa hela wataziweka benki, saini tatu: Ritha, Mama Hosiana, na mimi. Mimi si mwanachama, wamebadilisha kanuni kwa ajili yangu. Mama Hosiana alisema mtu mwaminifu hatafutwi mbali. Walipiga makofi.

Nilikuwa nimekuja kusema. Nilikuwa nimeiandika kwenye karatasi, iko hapa mezani. Nilisimama, nikasema asanteni, nikakaa.

Jumatatu, 27 Januari

Nimempigia Mama Marwa. Mara ya tatu akapokea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Mwalimu." Bado ananiita hivyo.

Nikamwambia nina jambo zito, ni habari ya Ghala, nilichokijua na siku niliyokijua, na namwomba anisikilize mpaka mwisho.

"Ngoja kwanza. Hayo unayotaka kuniambia, utayasema na mbele yao?"

Nilifungua mdomo. Nikamwona Ritha, nikaona yale makofi, nikaiona ile saini niliyowapa Ghala.

"Mwalimu, upo?"

"Nipo, mama."

"Basi mimi usiniambie. Mimi najua sikuiba. Usije kwangu kutua mzigo wako ukaondoka mwepesi."

Akaniuliza kama mvua huku bado inanyesha. Nikasema bado. Akasema kwao imekata, wanalima. Akaniaga vizuri, kwa heshima zote, akakata simu.